Walimu Mbele ya Walimu: Kutoka Henrico hadi Kabete, na Habari za Walimu wa UPE



Nimekaa na jambo hili tangu majira ya baridi yaliyopita, na kila nikitaka kuliandika nakatizwa na rundo la kazi za wanafunzi za kusahihisha. Leo nimesema liwalo na liwe, rundo litanisubiri.

Wanaonifahamu wanajua kwamba jioni mbili kwa wiki nafundisha walimu tarajali katika chuo kimoja humu ndani ya ile barabara kuu inayoizunguka Washington. Jina la chuo tuliache. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: yupo anayeendesha teksi mchana, wapo wabeba boksi wenzetu, wapo akina mama waliolea watoto wao wakawamaliza ndipo wakakumbuka kuwa walitaka kuwa walimu. Katika somo la mbinu za kufundisha huwa nawagawa makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi linapewa mbinu moja, linaisoma, kisha linasimama mbele ya wenzao na kufundisha kwa mbinu hiyo. Sitaki watusimulie mbinu, nataka waitende.

Jioni ile zamu ilikuwa ya kundi lililopewa ufundishaji wa moja kwa moja. Kwa ambao hawamo katika fani hii: mwalimu anataja lengo la somo waziwazi, anafanya mwenyewe huku wanafunzi wakitazama, kisha anafanya pamoja nao, kisha anawaachia wafanye peke yao, na kosa linasahihishwa palepale kabla halijazoeleka. Katika sura yake kali kabisa, maneno ya mwalimu yameandikwa neno kwa neno, ishara za mkono zimepangwa, na darasa zima linajibu kwa pamoja.

Aliyeshika zamu ya kuonyesha alikuwa mama mmoja kutoka Kisii, aliyefundisha shule ya msingi miaka 14 kwa cheti cha P1 kabla ya kumfuata mumewe huku. Akaelekeza kidole kwenye herufi ubaoni, akaitamka, akatoa ishara, na watu wazima ishirini na kitu wakaitikia kama mvua juu ya bati. Kwa kweli nilisisimka. Halafu akafika mahali ambapo mwenzake mmoja, Mhabeshi, alikosea sauti mara mbili. Andiko linasema mwalimu atamke sahihi, darasa lirudie, twende mbele. Yeye akaliweka andiko mezani, akamsogelea yule bwana, akamuuliza kwao wanaitamkaje, wakacheka pamoja, wakaipata. Dakika mbili nzima nje ya andiko.

Sasa, karatasi yangu ya alama ina mstari unaouliza kama mwasilishaji amelifuata andiko kwa uaminifu. Nikamkata alama.

Baada ya kipindi akanifuata. "Mwalimu, nyumbani ningekatwa kwa kumwacha mtoto nyuma. Hapa nimekatwa kwa kumngojea. Nieleze nipate kuelewa." Nilimpa jibu la kitaalamu, lile tunalotoa tukiwa hatuna jibu. Alama zile hazikuwa mchezo, maana ndizo zinazoamua nani anaruhusiwa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula unaofuata na nani anarudia. Nilikwenda nyumbani nikakosa usingizi, na asubuhi nikaanza kufukua historia. Haya ndiyo niliyokusanya. Mengine nilikuwa nayajua, ila sikuwahi kuyaweka pamoja.

Nianze kwetu, maana ndiko moyo wangu ulikokwenda kwanza.

Mimi ni mtoto wa UPE. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1977 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mpwapwa. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto, ambayo mipango ya awali iliiweka mwaka 1989, itimizwe ifikapo 1977. Karo ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Kila mwenye akili ya hesabu aliona shida iko wapi: watoto wanakuja, madarasa yanaweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, lakini walimu watatoka wapi? Vyuo vilivyokuwepo, vya Mpwapwa, Butimba, Korogwe, Marangu na vinginevyo, visingeweza hata kwa muujiza kutoa idadi iliyotakiwa kwa miaka mitatu.

Serikali ikafanya jambo ambalo mpaka leo halijapewa heshima yake. Ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu bila kuwaondoa vijijini. Walifundisha nusu ya siku, na nusu iliyobaki wakawa wanafunzi wenyewe. Masomo yalikuja kwa posta katika vijitabu, redio ikawa na vipindi vyao, wakufunzi wakawatembelea vituoni, na mwishoni wakaenda chuo kwa wiki chache kabla ya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na mwanzoni mwa miaka ya themanini, zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Niambieni ni nchi gani nyingine maskini ilifanya hivyo kwa kasi ile.

Mwalimu wangu wa darasa la kwanza na la pili alikuwa mmoja wao. Kijana mwembamba, pengine umri wa miaka 18, mwenye suruali moja ya kazi. Shule yetu ilikuwa kituo, kwa hiyo mchana sisi tukienda kuchunga au kuchota maji, walimu wale wa shule za jirani walikusanyika katika darasa letu. Tulikuwa tunarudi kimyakimya kuchungulia dirishani. Mmoja alisimama ubaoni kama mwalimu, wenzake walikaa kwenye madawati yetu wamekunja magoti hadi kidevuni, wakijifanya watoto. "Ba, be, bi, bo, bu." Wanaitikia. Mkufunzi nyuma anaandika. Kisha wanamchambua mwenzao: umetupa mgongo, umezungumza na ubao, hukumwuliza aliye nyuma. Kesho yake asubuhi somo lilelile linakuja kwetu, neno kwa neno, na sisi tuliochungulia tayari tunajua majibu. Mwalimu akadhani tuna akili sana!

Waandalizi wa vijitabu vile hawakujidanganya. Walijua kijana wa darasa la saba hatakuwa na maarifa ya kutunga somo kutoka kichwani, wakampa andalio la somo lililokwisha kupikwa. Akiimeza hatua kwa hatua, watoto watasoma. Hakuna aliyeiita ufundishaji wa moja kwa moja, wala hakuna aliyetaja profesa yeyote wa Marekani. Lakini kitu ni kilekile, na darasani kwangu jioni ile kilipita kama mtu ninayemjua aliyebadili nguo.

Mnajua walivyolipwa walimu hawa. Wenyeji wa Bara mtakumbuka mzaha wa mitaani kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nami nikiwa sekondari, nimevaa soksi nyeupe, niliusema mzaha ule mbele za watu na nikachekesha. Nitarudi hapo.

Sasa tuje huku Washington.

Mji huu una historia ndefu ya walimu kufundishana, ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani tunapopita na mabasi. Mwaka 1811 Georgetown ilifungua shule ya mfumo wa Lancaster, yule Mwingereza aliyesema mwalimu mmoja anaweza kufundisha watoto mamia kwa kuwafundisha kwanza wakubwa wachache, nao wakawafundisha wadogo kwa maneno yaleyale na kwa amri za pamoja. Ilikuwa elimu ya bei nafuu kwa watoto wa maskini, na haikuficha hilo. Dhana ya kwamba somo likipangwa vizuri mno hata asiye mtaalamu atalipeleka, ina umri huo.

Kisha mwaka 1851 mwanamke mweupe kutoka New York, Myrtilla Miner, alifungua shule ya wasichana Weusi hapa Washington, wakati utumwa bado ni halali mjini humu. Alitishwa na kurushiwa mawe. Harriet Beecher Stowe alimchangia dola 1,000 kutoka kwenye mapato ya Uncle Tom's Cabin. Kilichokusudiwa tangu mwanzo kilikuwa kutoa walimu. Shule ile ikaja kuitwa Miner Normal School, na kuanzia 1883 hadi 1920 iliongozwa na Lucy Ellen Moten, mwanamke Mweusi aliyependekezwa na Frederick Douglass mwenyewe. Huyu mama alikuwa moto. Alisoma udaktari wa tiba Howard akahitimu 1897 huku bado ni mkuu wa chuo, kwa sababu aliona mwalimu asiyejua mwili wa mtoto hajakamilika. Kwa karibu miongo minne, mtoto Mweusi wa Washington alikuwa na nafasi kubwa ya kufundishwa na mtu aliyepitia mikononi mwa Moten, aliyesimama mbele ya wenzake akachambuliwa mkao, sauti, mavazi na mpangilio wa somo.

Nasisitiza hili kwa sababu moja. Ukali ule haukuwa wa kumfanya mwalimu kasuku. Shule za Weusi zilikuwa na fedha kidogo na adui wengi, na kila mwalimu legevu alikuwa ushahidi mkononi mwa wanaosema Weusi hawafundishiki. Kufuata hatua kulikuwa ngao. Jengo la Miner la mwaka 1914 bado limesimama Georgia Avenue, ni mali ya Howard, na nikipita pale huwa nafunga kelele za redio ya gari. Chuo chenyewe kilipanda daraja mwaka 1929, kikaunganishwa na chuo cha Wazungu cha Wilson mwaka 1955 baada ya hukumu za kuvunja ubaguzi mashuleni, na mwishowe kikamezwa na kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha District of Columbia.

Kutoka hapa, saa mbili kwa gari kuelekea kusini, unafika kaunti ya Henrico, Virginia. Hapa ndipo penye uzi unaotufunga sisi na watu hawa, na wengi wetu hatujui kama tumefungwa. Mwaka 1907 bibi mmoja Mkwekeri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Weusi wa kusini. Mwaka uliofuata, mwalimu Mweusi wa Henrico, Virginia Estelle Randolph, akateuliwa kuwa wa kwanza wa walimu walioitwa wa Jeanes. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za kaunti, kuingia darasani, kufundisha yeye huku mwalimu wa shule akitazama, kisha kumwachia yule mwalimu afanye mbele yake. Nifanye mimi, tufanye wote, fanya wewe. Alitembea kwa miguu na kwa kigari cha farasi miaka mingi kabla profesa yeyote hajaipa hatua hiyo jina.

Huku Washington, katika Ofisi ya Elimu ya serikali kuu, alikaa Thomas Jesse Jones, Mwelshi aliyewahi kufundisha Hampton, akatoa mwaka 1917 ripoti nene kuhusu elimu ya Weusi iliyosifu mafunzo ya mikono na kuwapuuza waliotaka Kilatini na falsafa. Huyuhuyu Jones ndiye aliyeongoza tume ya Phelps-Stokes iliyofika Afrika Mashariki mwaka 1924, akiwa na Mwafrika mmoja tu katika msafara, James Aggrey wa Gold Coast. Walipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa fedha za Carnegie, na mkuu wake wa kwanza akawa James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ileile.

Kabete walikuja walimu waliokwisha kazini, na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba zilizojengwa mfano wa kijiji. Walijifunza jinsi ya kuzungukia shule za vichakani na kuwaonyesha walimu wasio na mafunzo namna ya kufundisha. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kutenda mbele ya wenzao: somo la mfano, uchambuzi, marudio, michezo ya kuigiza juu ya usafi na kilimo. Hapana shaka walimu wale waliibadili elimu ya vijijini. Hapana shaka pia kwamba waliolipia walikuwa na mipaka vichwani mwao kuhusu Mwafrika anapaswa kufika wapi. Mwalimu wa Jeanes alikuwa huru kuchagua namna ya kufundisha jembe, lakini hakuulizwa kama angependa kufundisha kitu kingine badala ya jembe.

Hapa Washington palikuwa na mtu aliyeliona hilo mapema. Carter G. Woodson, baba wa historia ya Weusi, aliyewahi kufundisha shule ya sekondari ya M Street na aliyeishi na kufanya kazi katika nyumba ya Ninth Street, alipambana na Jones waziwazi, na kitabu chake cha 1933 kuhusu elimu potofu ya Mweusi ni hoja ndefu dhidi ya elimu iliyoandikwa na mtu mwingine kwa ajili yako. Woodson hakupinga nidhamu ya darasa. Alikuwa mwalimu mkali yeye mwenyewe. Alichouliza ni nani ameshika kalamu.

Na swali hilo lilipata jibu lake kwetu. Mbiyu Koinange, mtoto wa chifu wa Kiambu, alitumwa Hampton mwaka 1927, palepale ambapo Jones alifundisha, palepale ambapo fikra za Jeanes zilipikwa. Akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi Kenya mwaka 1938 wakoloni walitarajia mtu mpole wa kufundisha bustani. Mwaka 1939 akafungua Githunguri chuo cha ualimu kwa ajili ya shule huru za Wakikuyu, zile zilizojengwa na wazazi wenyewe bila wamisionari. Walimu wakafundishana, wakatoka, wakafundisha. Baada ya vita Kenyatta mwenyewe akakiongoza. Mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa chuo kikafungwa, na uwanja wake ukageuzwa mahali pa kunyongea watu. Someni tena sentensi hiyo polepole. Kabete kwa upande wake ilikuja kuwa chuo cha watawala mwaka 1961 na leo ni Shule ya Serikali ya Kenya. Vyuo viwili vya walimu, umbali wa safari ya asubuhi. Kimoja kikarithiwa na maofisa, kingine kikawekewa kitanzi.

Nasonga mbele haraka kidogo, maana sehemu inayofuata wenzetu wa saikolojia wanaijua vizuri kuniliko.

Ufundishaji wa moja kwa moja wenye jina hilo ulizaliwa Illinois katikati ya miaka ya sitini. Siegfried Engelmann hakuwa mwalimu wala profesa wakati ule, alitoka kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Akiwa na Carl Bereiter alianza kufundisha watoto wadogo wa maskini, wengi wao Weusi, kwa masomo yaliyoandikwa neno kwa neno, ya kasi, yenye kuitikia pamoja. Shauku yake ilikuwa moja: mtoto asipojifunza, kosa ni la somo, si la mtoto. Hilo nalo lilikuwa la kimapinduzi wakati ambapo wataalamu wakubwa walikuwa wakitafuta kosa katika damu na katika mama. Serikali ya Johnson ilipoanzisha mradi wa Follow Through, mbinu zaidi ya ishirini zikashindanishwa katika jamii zaidi ya mia moja nchini, na Washington ilikuwa miongoni mwa miji iliyopewa mbinu ya Engelmann. Matokeo yalitoka 1977, mwaka uleule nilioingia darasa la kwanza. Mbinu yake iliongoza katika kusoma na hesabu, na watoto wake hata kujiamini walijiamini kuliko wengi. Vyuo vya ualimu vikapinga vipimo, vikapinga hesabu, vikasema mwalimu amegeuzwa mashine. Ugomvi haujaisha mpaka leo, nami nimelipwa mshahara na pande zote mbili.

Jambo ambalo ugomvi ule ulilificha ni jinsi walimu wenyewe walivyofundwa. Waliofunzwa mbinu ya Engelmann hawakupewa kitabu wakasome nyumbani. Waliketi wawiliwawili na makundi makundi wakafundishana andiko kwa sauti, wakasahihishana ishara, wakarudia hadi lipite bila kukwama. Ndipo mtu anapata uhuru wa kumtazama mtoto badala ya kutazama karatasi. Mpiga ngoma anayehesabu mapigo hawezi kumwona anayecheza.

Kisha mbinu hii ikarudi kwetu, safari hii na bahasha ya Washington. Kenya ilianza na majaribio ya PRIMR mwaka 2011, kisha Tusome kuanzia 2015 katika shule za msingi za umma nchi nzima: kitabu kwa kila mtoto, kiongozi cha mwalimu chenye somo la kila siku, na maofisa wa elimu wa kata wenye tableti wakiingia darasani kutazama na kushauri. Tanzania nayo kuanzia 2016 ikawa na Tusome Pamoja katika mikoa minne na Zanzibar, wakati mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, umekwisha kuanza. Watoto wa Kenya walisoma vizuri zaidi, hili tusilikatae kwa sababu tu hatumpendi mlipaji. Upande wa biashara walikuwepo Bridge, waliofungua shule ya kwanza Nairobi mwaka 2009, na mwalimu anasoma somo kutoka kwenye tableti, somo lililotungwa sehemu nyingine. Uganda iliamua kuzifunga na Mahakama Kuu ikaunga mkono mwaka 2016. IFC, mkono wa Benki ya Dunia wenye ofisi hapa mjini, ilikuwa mwekezaji ikajitoa 2022, na mwaka huohuo utafiti wa akina Michael Kremer uliofanyika Kenya ukaonyesha watoto wa Bridge wamewaacha wenzao mbali. Fanyeni hapo mnavyotaka. Mimi nalala na habari zote mbili kitanda kimoja.

Mwaka 2025 USAID, iliyokuwa mlipaji wa Tusome, ikavunjwa. Andiko likikaa kwenye seva ya mgeni na mshauri akilipwa na mgeni, siku mgeni akiondoka unabaki na kiongozi cha mwalimu kilichokunjika pembe. Walimu wa UPE walikuwa na upungufu mwingi, lakini vijitabu vyao vilitungwa na Watanzania, kwa Kiswahili, kwa ajili ya shule wanazozijua. Ndiyo maana vikadumu katika vichwa vya watu hata posta ilipochelewa.

Nirudi kwenye ahadi yangu. Mwaka 1996, nikiwa nimerudi likizo kabla ya kwenda kumalizia udaktari, nilimkuta mwalimu wangu yule stendi ya mabasi Mpwapwa. Mvi zimeanza. Nikampa shikamoo, akanitambua kwa jina kamili na jina la baba yangu. Tukanywa chai. Nikamwuliza, kwa ule ujuaji wa mtu wa vitabu, kama hakuchoka kufundisha maneno ya kitabu miaka yote ile.

"Mwanangu," akasema, "miaka miwili ya mwanzo nilikishika kitabu kama kipofu na fimbo. Wa tatu nikaanza kuwaona nyie. Bila kitabu ningeogopa ningekimbia. Lakini mkufunzi wetu alikuwa na maneno yake: ukishakijua, kifunge, mtoto hayumo humo."

Sikumwambia kuhusu mzaha nilioufanya sekondari. Nadhani alikwisha kuusikia kwa wengine, mara nyingi.

Wiki iliyofuata nilimrudishia mama wa Kisii alama zake, nikaueleza mbele ya darasa uamuzi wangu na kosa langu. Mkuu wa idara aliniuliza kwa barua kwa nini nimebadili alama bila rufaa ya maandishi, nikamjibu, yameisha. Mstari wa uaminifu kwa andiko bado upo katika karatasi yangu ya alama, sikuufuta. Nimeongeza swali chini yake: aliliacha wapi, na kwa ajili ya nani. Mama yule alikwenda kwenye mazoezi, na sasa ana darasa la watoto wa miaka mitano katika kaunti ya Prince George's. Ameniambia anafuata andiko asubuhi, na mchana anaangalia ni nani hakufika.

Ombi langu kwenu ni hili. Natafuta vijitabu vile vya masomo ya ualimu kwa posta vya 1976 hadi 1981, na kumbukumbu zozote za waliopitia Kabete au Githunguri, hata picha tu. Mzee wangu alisema vyake viliishia kuwashia moto. Mwenye baba, mama au shangazi aliyekuwa mwalimu wa UPE, tafadhali mpigie simu wikendi hii umwulize kama anavyo, na kama havipo umwulize mkufunzi wake alikuwa anawaambia nini. Nitalipia gharama za kutuma.